Sauti ya bibi bado imo mle ndani

Jumamosi nilirudi Bombo, Uganda, kuichukua laptopu ya marehemu baba. Ukiiwasha, feni inazunguka, nembo inatokea, kisha kioo cheusi na kimstari kinachopepesa. Fundi mmoja alishatushauri tupige Windows upya, yaani tuusakinishe mfumo wake tena, jambo linaloweza kufuta vilivyomo. Mama alikataa, nami namshukuru mno: mle ndani mna sauti ya bibi akisimulia habari za wazee wetu kwa Kinubi, lugha ya Wanubi.

Kwanza nilitega sikio. Diski ikigonga tak-tak, zima mara moja, maana kila dakika inazidi kuharibika. Hii ilikuwa kimya. Nikachomeka flashi ya GB 8 yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe, nikabonyeza F12, nikachagua iwakie kwenye flashi. Hapo tulia kabisa: utaulizwa kujaribu au kusakinisha. Chagua kujaribu! Kusakinisha kunaweza kufuta diski nzima. Diski ilifunguka kwa kusoma tu, yaani huwezi kubadilisha kitu ndani yake, kwa kuwa Windows haikuzimwa vizuri mara ya mwisho. Kwa kunakili inatosha, tena ni salama zaidi.

Nilianza na folda ya sauti, kisha picha, filamu niliziacha. Saa tatu usiku umeme ukakatika, na betri ilikufa zamani. Nikaanza upya alfajiri.

Mama alikuwa akipepeta mchele nilipofungua rekodi ya kwanza. Bibi anakohoa, anaomba maji, ndipo anaanza. Mama aliweka ungo chini, akaketi mkekani, na hakuinuka mpaka rekodi ilipoisha.