Ini langu na vidole vyangu

Soriasisi, huu ugonjwa wangu wa ngozi, sio wa kumtoa mtu roho kesho asubuhi, labda ndo maana kila mtu Dar hii ana dawa yake ya kunipa. Mama mkwe ana majani ya mwarobaini, jirani ana liwa na manjano, dada wa saluni ana mafuta flani kwenye kopo lisilo na lebo anasema yametoka Oman, na hao hao nilivyowaambia dokta wa ngozi kaniandikia methotreksati wote wakashtuka. "We mama we, hiyo si ya kansa? Itakumaliza ini hiyo."

Ya kansa ni kweli, sikatai. Ila kule wanapewa dozi kubwa, mi kwa ajili ya ngozi nimeandikiwa vidonge vya miligramu 2.5, sita kwa mkupuo, mara moja kwa wiki basi. Hiyo mara moja kwa wiki dokta aliirudia mpaka nikachoka kuisikia, manake kuna watu wamezoea kwamba kidonge ni kila siku wakakinywa hivyo na wengine wakafa, damu inagoma kutengenezwa. Tukakubaliana iwe Jumapili usiku, kwasababu mi ni fundi cherehani na Jumamosi ndo siku wateja wananivamia, nikiamka na kichefuchefu bora iwe Jumatatu. Folik (ile ile tunayopewaga kliniki tukiwa wajawazito) nameza siku nyingine, inapunguza hicho kichefuchefu na vidonda vya mdomo.

Boksi ninalo, sijalifungua.

Nieleze kwanza hali ilivyo. Viraka viko viwiko vyote, magotini, kiunoni nyuma na kichwani. Picha za kwenye simu zinaonyesha vyekundu sababu nyingi ni za wazungu, kwangu mimi ni zambarau inayoelekea kijivu na magamba meupe juu, afu kikipoa kinaacha doa jeusi miezi. Nikishona kitambaa cheusi lazima nikikung'ute kabla mteja hajafika, unga mweupe unajaa pale karibu na sindano. Na ukimpima mtu kifua huwezi kuficha kiwiko, uko nae uso kwa uso na futi mkononi, unaona kabisa macho yake yanashuka kwenye mkono wako halafu anavuta pumzi kidogo na kurudi nyuma nusu hatua. Haiambukizi, nimesema mpaka basi, ni kinga ya mwili tu imechanganyikiwa, ngozi inayotakiwa kujibadilisha kwa kama mwezi inajibadilisha kwa siku chache. Mwingine ananiuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima. Nimepima ndiyo, dokta anapima Ukimwi na homa ya ini na kifua kikuu kabla hajakupa hii dawa, na majibu yote yako safi, sina deni na mtu.

Sasa madhara. Watu wanaongea kana kwamba madhara yalianza na hivi vidonge. Krimu ya klobetasoli, steroidi ya kupaka, nimeipaka muda mrefu, inafanya kazi kwakweli, ila ni kali, sio ya kupaka usoni wala ya kupaka miezi mfululizo, ngozi ya ndani ya kiwiko ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu na michirizi juu. Na klobetasoli hiyo hiyo ndo imejaa kwenye mikorogo ya kujichubua inayouzwa chini chini, shoga zangu wanajipaka mwili mzima asubuhi na jioni, hamna anayeuliza habari za ini wala figo. Halafu kuna zahanati moja walinichoma sindano ya steroidi, wiki mbili nikawa laini, nikavaa blauzi ya mikono mifupi kanisani, ilivyoisha nguvu ikarudi na ndugu zake wote, mpaka sehemu ambazo sikuwahi kuwa nazo. Dokta wa ngozi alivyosikia akatikisa kichwa, kumbe kwa soriasisi steroidi za sindano na vidonge zinajulikana kwa mchezo huo.

Kwahiyo hii karatasi ya ndani ya boksi naisoma nikiwa na akili timamu. Ini, ndiyo, ndo maana napima damu kila baada ya wiki moja au mbili mwanzoni, baadae miezi miwili mitatu. Pombe niweke kando, hiyo haina shida sana, soda ndo itaniua mimi. Kichefuchefu, uchovu, nywele kupungua kidogo, haya ni ya kuvumilia. Ya kukimbilia hospitali ni vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu, kikohozi kikavu na kubanwa pumzi. Na Septrin! Hii ndo iliyonitisha kuliko ini, sababu hapa mtaani ukiharisha au ukikohoa unavuka barabara unapewa Septrin bila cheti wala swali, na ikikutana na methotreksati inaweza kuua uzalishaji wa damu. Nimeitoa kabatini na nimemwambia binti wa duka la dawa, hata nikija naumwa vipi usinipe. Diklofenaki ya maumivu nayo nisijinywee tu bila kuuliza.

Ingekuwa ngozi peke yake labda ningeendelea na krimu na jua la asubuhi. Ila kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba chote kuanzia shina mpaka kucha, asubuhi mkasi haushikiki mpaka nioshe mikono na maji ya moto, na dokta alivyokibonyeza akasema ugonjwa umeshaingia kwenye viungo na kiungo kikishaliwa hakirudi. Krimu haifiki huko. Mwarobaini nao sidhani. Ini lina kipimo, likianza kulalamika damu inasema na dawa inapunguzwa au inasimamishwa, kidole mi nitakigundua siku kimeshapinda. Hapo ndo hesabu yangu ilipolalia.

Kilichobaki ni mtoto. Dawa hii na mimba haviendi, inaharibu mimba na inalemaza mtoto, na ukiacha unasubiri miezi sita kabla ya kujaribu. Nina miaka 36. Wa kwanza yuko darasa la pili na mama mkwe kila akipiga simu, baada ya kuniasa kuhusu ini, anauliza "mwanangu, na mdogo wake yuko wapi?" Hilo nimelilalia macho usiku mwingi kuliko karatasi nzima ya dawa.

Kijiti cha uzazi wa mpango naenda kuweka wiki ijayo, vidonge baada ya hapo. Nimemwambia mume wangu tuipe mwaka mmoja, ukiisha tukae tuongee, akasema sawa mke wangu, ila mama utamwambia wewe.