Siku Mashine ya Igombe Ilipogoma Kuzima

Likizo ya Desemba 1997, mvua za El Niño zikiwa zimekula barabara, nilikuwa Igombe, kando ya ziwa karibu na Mwanza, nikimsaidia mjomba kwenye mashine yake ya kusaga. Nilipima madebe na kupokea hela. Injini ilikuwa ya dizeli, silinda moja, ya kuwasha kwa hendeli, yenye flaiwili mbili za chuma cha kusubu, yaani magurudumu mazito yanayotunza mwendo wa injini. Zikifika mizunguko 650 kwa dakika, sakafu yote ilitetemeka.

Akina mama wenye mahindi na makopa walipanga foleni palipokuwa na kivuli. Kwa bahati mbaya kivuli kiliangukia mbele ya flaiwili, upande ambao mapande yangeruka kama gurudumu lingepasuka.

Mchana mmoja mkanda ukachomoka. Injini ikabaki haina mzigo, na gavana, ambayo hupunguza mafuta mwendo ukizidi, ilikuwa imeganda. Tuku-tuku tuliyoizoea ikageuka mlio mmoja mrefu. Mjomba akakimbilia tangi kufunga mafuta. Fundi, mzee wa Kikerewe asiyependa maneno mengi, aligeukia foleni kwanza.

"Tokeni mbele ya gurudumu! Njooni huku ubavuni! Acheni madebe!"

Walipotawanyika ndipo akachovya gunia kwenye pipa la maji ya kupozea injini, akalisokomeza kwenye mdomo wa hewa. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikazima. Flaiwili hazikusimama. Zilizunguka na kuzunguka bila tone la dizeli kuungua, nasi tumesimama tunazitazama.

Nguvu hiyo iliyobaki kwenye chuma nilikuja kukutana nayo tena chuoni, nikiwa na hesabu mkononi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati iliyohifadhiwa huongezeka mara nne. Flaiwili inaweza basi kutunza nishati na kuirudisha kama umeme, na hiyo ni habari njema kwa mji kama Mwanza ambako umeme hukatika katikati ya kazi. Lakini nguvu inayotaka kuupasua ukingo wa gurudumu nayo huongezeka mara nne. Huwezi kupata ya kwanza ukaikwepa ya pili. Ndiyo maana flaiwili nyingi za kisasa hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, nyepesi kuliko chuma na imara zaidi kwa uzito uleule, zikazungushwa ndani ya ombwe, yaani chombo kilichotolewa hewa, mara nyingi juu ya beringi za sumaku. Zikishindwa, kwa kawaida husambaratika kuwa nyuzi na vumbi badala ya mapande makubwa, ingawa vumbi hilo la moto nalo linahitaji chombo kigumu cha kulizuia.

Wengine wamezijaribu kwa ukubwa. Miaka ya 1950, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilikuwa na mabasi yaliyoendeshwa kwa flaiwili ya tani moja na nusu, iliyochajiwa umeme vituoni. Mwaka 2011 kampuni ya Beacon Power ilikamilisha kituo cha flaiwili 200 huko Stephentown, jimbo la New York: megawati 20 kwa kama dakika 15, mizunguko hadi 16,000 kwa dakika, kila moja ikiwa imefukiwa ardhini. Baadhi ziliharibika mwaka huohuo na hakuna aliyeumia. Mimi huo uamuzi wa kufukia ndio unaonishawishi kuliko megawati zenyewe. Dakika 15 haziwezi kuuvusha mji usiku kucha, ila zinatosha kabisa kushikilia hospitali mpaka jenereta ishike.

Turudi Igombe. Jioni fundi alizifungua flaiwili, akazining'iniza kwa kamba moja moja na kuzigonga kwa nyundo. Ya kwanza ililia kama kengele. Ya pili ikatoa mlio mfu. Akaipaka mafuta ya taa, akaifuta, akaipaka chokaa. Mstari mwembamba ukajichora kwenye mkono mmoja wa gurudumu.

"Itachomelewa tu," mjomba akasema.

"Mimi sitaiwasha, mzee. Tafuta mwingine."

Walibishana hadi taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuonekana ziwani. Mwishowe mjomba alikubali kununua nyingine mjini, akinung'unikia bei njia nzima. Fundi akaongeza sharti: foleni ihamie ubavuni. Huko kulikuwa jua tupu. Akina mama walilalamika wiki nzima, na mjomba, ambaye hakutaka hata kusikia habari ya flaiwili, akalazimika kununua na turubai.