Umeme hewa kwenye pangaboi: nilivyoirudisha taa iliyogoma

Ukisema tu pangaboi lina tatizo, mtu wa kwanza atakwambia "kapasita". Wa pili naye kapasita. Mimi niliambiwa na watu wanne, mmoja wao fundi mwenye mkoba kabisa, na hakuna aliyeuliza kwanza kama pangaboi linazunguka. Lilikuwa linazunguka vizuri, namba zote tano za regulata (kidhibiti cha kasi). Kilichokufa ni taa. Kapasita, kile kiboksi cheusi chenye maandishi CBB61, kazi yake ni kuiwezesha mota kuondoka na kuendelea kuzunguka. Umeme wa taa haupiti hapo hata kidogo. Ikichoka utaona panga zinakwenda kivivu, au mota inanguruma bila kuondoka mpaka uisukume kwa mkono. Kwa hiyo pesa ya kapasita ilibaki mfukoni, ingawa nilikuja kuipoteza kwa njia nyingine, na hiyo haikuwa ya kuambiwa na mtu.

Pangaboi lenyewe ni la inchi 52, la mapambo, lenye holda tatu za balbu za skrubu (E27) chini ya mota. Ukutani kuna regulata na pembeni yake swichi ya taa. Kutoka hapo nyaya mbili zinapanda ndani ya bomba moja hadi darini, kama mita saba hivi: mmoja unabeba moto wa mota (moto ndio umeme unaoingia), mwingine moto wa taa. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) zinakutana nazo huko juu. Hilo bomba moja likumbuke, ndilo lililonizungusha.

Mota ikizunguka na taa ikagoma, nusu ya kazi imeshafanyika kabla hujagusa bisibisi. Umeme upo. Nyutro ni nzima, angalau mpaka kwenye kiungo cha juu, kwa sababu mota na taa zinaigawana hapo. Kinachobaki ni njia ya taa peke yake: swichi, waya wa kupanda, kiungo kilichofichwa ndani ya kile kikombe cha juu, waya unaoshuka kupitia tundu la katikati ya mota, soketi ndogo inayounganisha kikapu cha taa (kile kinachobeba holda), swichi ya mnyororo, holda, balbu.

Mtu mwenye akili angeanza na mwisho ulio karibu na mkono wake, yaani swichi ya ukutani. Mimi nilianza juu ya ngazi.

Balbu nilizijaribu kwenye taa ya mezani, zote tatu zikawaka. Ningeshangaa vinginevyo, balbu tatu haziungui usiku mmoja. Nikazima breka, nikachungulia ndani ya holda. Kile kiulimi cha shaba katikati hulala kikikandamizwa na mtu anayekaza balbu kama anafunga nati ya gurudumu, halafu balbu haikigusi tena. Kiinue milimita mbili kwa ncha ya bisibisi, basi. Cha kwangu kimoja kilikuwa kimelala kidogo, nikakiinua. Mnyororo nao niliupima kwa mita ya umeme, nimeiweka kwenye mlio, yaani inalia njia ikiwa haijakatika: vuta mara moja inalia, vuta tena inanyamaza. Mzima. Ile soketi ndogo niliichomoa na kuirudisha, maana mtikisiko wa feni huilegeza polepole na nimeshaikuta hivyo kwenye mapangaboi ya watu wengine. Safari hii hapana.

Nikarudisha breka, nikawasha kila kitu, nikagusa kiulimi cha holda kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani. Kitaa cha ndani kikawaka. Kwa ufifi, lakini kikawaka.

Hapo ndipo nilipopotea. Nikajiambia: moto umefika kwenye holda, balbu ni nzima, basi nyutro ya kikapu imekatika, au holda zenyewe zimekufa. Nikashusha kikapu chote, nikakata viungo vya nyutro vilivyosokotwa na kufungwa tepu, nikavifanya upya kwa konekta, nikanunua holda tatu mpya, elfu kumi na kidogo hivi ukijumlisha na tepu. Jumamosi ikaenda. Nikawasha: giza. Ila nilipozima taa nyingine za sebuleni nikaona balbu moja ya LED inapepesa kwa mbali, kama kimulimuli aliyechoka. Jirani aliyekuwa ameshika ngazi akasema umeme ni mdogo. Umeme mdogo vipi wakati feni juu ya kichwa chake inapeperusha mapazia?

Nikaiweka testa pembeni, nikachukua mita. Kati ya moto wa taa na nyutro: volti 97. Umeme wetu ni 230. Kwa hesabu yangu ya wakati huo, ungekatika kweli ningesoma sifuri, ungefika kweli ningesoma 220 na ushee. Hiyo 97 haikuwa ya upande wowote, na badala ya kuishangaa niliichezea. Nikazima swichi ya taa: 97. Nikaiwasha: 97. Kumbe swichi haina habari na waya huu. Halafu nikazima regulata ya feni, panga zikasimama, na mita ikaanguka hadi volti tatu, nne. Nikaiwasha tena kwenye namba ya mwisho: 97.

Nilicheka peke yangu juu ya ngazi. Huo haukuwa umeme wa taa, ulikuwa kivuli cha umeme wa mota. Nyaya mbili zikilala pamoja ndani ya bomba moja kwa mita kadhaa, zinakuwa kama kapasita ndefu nyembamba (kumbe kapasita ilihusika, ila siyo ile waliyoisema wao). Ukiwa na moto kwenye mmoja, na mwingine hauna umeme wala haujashikwa na kitu, ule wa pili unapata volti za kuambukizwa. Mita ya kidijitali hainywi mkondo karibu kabisa, kwa hiyo inakuonyesha namba kubwa. Testa nayo inahitaji mkondo kidogo mno kuwaka. Baadhi ya balbu za LED hukusanya kidogokidogo halafu zikapepesa. Lakini nguvu ya kazi haipo. Ni umeme hewa, kama mfanyakazi hewa: jina lipo kwenye orodha, kazini hayupo.

Njia ya kumuumbua ni kumpa kazi. Nilitafuta balbu ya wati 60 ya zamani, ya nyuzi, zile ambazo wafuga kuku bado wanazitumia kuwapa vifaranga joto. Holda moja ya zamani, nyaya mbili za mita moja, ncha zimechunwa milimita tano tu. Breka chini, nikaifunga kwa konekta kati ya moto wa taa na nyutro, breka juu, mita ikiwa palepale. Ile 97 ikawa sifuri papo hapo. Umeme halisi ungeiwasha balbu na kubaki 230 au pungufu kidogo. Usijaribu kufanya hivi kwa kushikilia ncha za nyaya mkononi huku kumewashwa. Funga kwanza, washa baadaye. Na usiiamini testa peke yake unapotaka kujua kama waya ni salama kuushika, kwa sababu inaweza kukudanganya pande zote mbili.

Sasa nilijua waya wa taa umekatika kati ya swichi na dari, au swichi yenyewe haipitishi. Bila waya mrefu wa kushuka nao hadi chini, utapimaje mita saba zilizofukiwa ukutani? Nilitumia waya wa jirani yake. Mein swichi chini, siyo breka ya taa tu. Darini nikatoa nyaya zote mbili kwenye viungo vya pangaboi, moto wa mota na moto wa taa, nikazisokota pamoja, zisiguse kitu kingine. Zikawa njia moja ya kwenda na kurudi. Nikashuka, nikafungua kava ya swichi, nikachomoa waya wa mota kutoka mguu wa regulata, nikaweka ncha moja ya mita hapo na nyingine kwenye skrubu ya swichi ambapo waya wa taa umeingia. Kimya. Nikalegeza skrubu ili niuvute waya na kuuchuna upya, na waya ukaja wenyewe kabla sijamaliza kulegeza. Kipande cha shaba cha sentimita moja kikabaki ndani ya tundu. Nikachuna mwanzo mpya, nikapima: omu 0.4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya). Kwa shaba ya milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, pamoja na nyaya za mita, ndivyo inavyotakiwa.

Sababu ilionekana kwenye kile kipande. Aliyechuna waya siku ya kwanza aliubana kwa koleo mpaka akaikata shaba nusu. Waya wa uzi mmoja ukishapata kovu la namna hiyo, huvunjika hapo hapo ukikunjwa ndani ya boksi, na ganda la plastiki linaendelea kuushikilia mahali pake. Kwa macho umefungwa vizuri. Ndiyo maana swichi inabonyea, inalia tak, na hakuna kinachotokea. Chuna kwa kisu kilicholazwa pembeni kama unachonga penseli, usizungushe makali kukata mduara.

Kurekebisha kulichukua dakika tano: nikachuna sentimita moja, nikaikunja mara mbili ili skrubu ipate nyama ya kushika, nikakaza, nikauvuta kwa nguvu kuhakikisha. Swichi nayo niliipima kabla ya kuifunga, ilikuwa nzima.

Kurudisha viungo vya pangaboi huko juu kuna mtego ambao karibu uniangushe tena. Nyaya za pangaboi langu zina rangi za mtindo wa Marekani: nyeusi ni moto wa mota, bluu ni moto wa taa, nyeupe ni nyutro. Kwenye nyumba, bluu ni nyutro, na kwenye nyumba za zamani nyutro ni nyeusi. Ukiunganisha bluu na bluu kwa kufuata macho, mota itazunguka na taa haitawaka kamwe, kwa sababu pande zake zote mbili zimekaa kwenye nyutro. Kama taa ya pangaboi lako haijawahi kuwaka tangu lifungwe, anzia hapo. Mchoro wa nyaya huwa ndani ya boksi, kwenye ile karatasi inayotupwa kwanza. Usikubali pia mtu akupitishie moto wa taa kwenye regulata ili kuokoa waya: LED zitapepesa kila ukipunguza kasi, na hazitadumu.

Nyaya zote niliziweka juu ya kikombe mbali na fimbo inayotikisika, nikazifunga kwa tai za plastiki. Mein swichi juu, swichi, taa. Nikapima tena kwa kujifurahisha tu: 231.

Zile holda tatu za zamani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zipo kwenye kopo la skrubu. Moja ndiyo ninayotumia kwenye balbu ya kuku.