Inchi 109 chini ya mwembe

Land Rover 109 ilipewa namba hiyo kwa sababu kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma ni inchi 109. Kwa sentimita ni 277 kasoro kidogo. Mwaka 1999 nilipiga magoti mchangani, uani kwa babu, Tabora, nikaipima mwenyewe ili niitengenezee mfano mdogo, binamu yangu kashika ncha ya pili ya tepu na babu kasimama nyuma yetu anatuhimiza. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameahidi kuja na lori lao baada ya adhuhuri. Tulikuwa na asubuhi moja tu.

Babu huyo ni mdogo wake babu mzaa mama. Alifanya kazi ya udereva tangu ujana, na gari lile alianza kuliendesha likiwa la serikali. Lilipopigwa mnada akakusanya akiba yake akalinunua. Alibebea asali na nta kutoka Sikonge, Ipole, mpaka Inyonga, kwenye barabara za mchanga zinazopita katikati ya miombo, ambako mbung'o hulifuata gari linalotembea na kuingia madirishani. Mwisho likachoka. Likaegeshwa chini ya mwembe, watoto wakawa wanapanda juu ya boneti kuchuma maembe, na kila msimu wa mvua chasisi ikazidi kuliwa na kutu.

Bodi yenyewe haikuwa na kutu, kwa kuwa bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Gari hili lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu na chuma kilikuwa cha mgao, ilhali aluminiamu ilipatikana, basi wakaitumia hiyo. Chasisi ikabaki ya chuma. Ndiyo maana Land Rover ya zamani hufa kuanzia chini. Na ndicho kilichowaleta wanunuzi: kilo ya aluminiamu ina bei kuliko kilo ya chuma, na bodi ya babu ilikuwa nzima.

Mimi nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na ukoo mzima ulijua mapenzi yangu ni magari ya vipimo, yaani mifano midogo inayofuata vipimo vya gari halisi. Magari ya waya watoto wengi wa kwetu wametengeneza, kwa waya, makopo na tairi za kandambili zilizokatika. Wenzangu walipohamia kwenye mpira, mimi niliendelea. Halafu mwalimu wa jiografia akatufundisha skeli ya ramani, kwamba sentimita moja ya karatasini inaweza kusimama badala ya kilomita nzima ya nchi, na akili yangu ikakimbilia kwenye malori yangu yaliyokuwa chini ya kitanda. Tangu siku hiyo sikutengeneza tena gari kwa kukisia.

Nchi za wenzetu kazi hii ina maduka yake. Tamiya ya Shizuoka, Japani, na Revell wanauza magari ya plastiki ya kuunga kwa gundi, mengi ya 1:24, yaani yamepunguzwa mara ishirini na nne. Skeli ya 1:43 ilianzia kwenye treni za kuchezea za Ulaya: magari yalitengenezwa ili yasimame kando ya reli zake. Mtu wa Tabora, mji ambao reli iliufikia mwaka 1912 na hadi leo njia ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapo, hilo lazima limfurahishe. Nayapenda magari hayo ya boksi, na siku hizi ninayo machache. Lakini boksi linakupa Land Rover yoyote. Mimi nilitaka ile, yenye digadi la kushoto lililobonyea, na kitasa cha mlango wa dereva kilichotolewa kwenye gari jingine.

Nilichagua 1:10 kwa sababu ya haraka. Sentimita moja ya gari inakuwa milimita moja ya kwangu. Unasoma tepu, unaandika kwenye kaunta buku, unakwenda mbele. Hakuna hesabu ya kukuchelewesha.

Babu ndiye aliyepanga kazi. "Anzeni na vitakavyoondoka kwanza," alisema. "Wale wakifika watang'oa milango. Chasisi itakuwa ya mwisho." Kwa hiyo tulianza na milango, bawaba zake, vioo vyake vya kusukuma, kisha boneti na kile kikalio cha spea tairi juu yake. Urefu wote, sentimita 444 na nusu. Upana, 168 kasoro. Binamu alizunguka gari akihesabu ribiti, zile pini zinazounga mabati, paneli moja baada ya nyingine, anazitaja kwa sauti na mimi naandika. Ribiti za Land Rover hazijafichwa. Ziko nje, zimepangwa kwa mistari, na mwenye macho akiona mfano wenye ribiti za kubahatisha atajua papo hapo kwamba fundi hakuwahi kuliona gari.

Mstari ulionyooka hauna taabu. Kazi iko kwenye mapindo. Ubavu wa Series II, toleo la pili la Land Rover, tofauti na Series I, la kwanza, una pindo chini kidogo ya dirisha, pale bati linapojikunja kwa ulaini kuelekea juu. Pindo hilo lilikuja mwaka 1958 na ndilo linaloipa gari ile sura yake. Ukilikosea, hata vipimo vingine vyote viwe sahihi, utapata sanduku. Nilichukua waya wa risasi wa kulehemea, ule mnene, nikaulaza ubavuni na kuukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika bodi kila mahali. Kisha nikauinua polepole kwa mikono miwili, nikauweka juu ya karatasi na kuufuata kwa penseli. Kwa digadi, ambalo ni kubwa, tulikata boksi la maziwa ya kopo, tunajaribisha, tunapunguza kwa wembe, tunajaribisha tena, mpaka mwanga usipite kati ya boksi na bati. Nembo ya mbele niliifunika kwa karatasi nikasugua kwa penseli iliyolazwa, ikajichora yenyewe.

Lile la babu ni Series IIA, tena la zile za mwanzo ambazo taa kubwa zimekaa ndani, ubavuni mwa wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi. Anayezijua Land Rover hutofautisha hizo mbili akiwa mbali. Ndani, saa zote za dashibodi ziko katikati, dereva na abiria wanazisoma sawa.

Babu akafungua mlango akaketi. Hapo ndipo nilipopata yale ambayo tepu haisemi. "Andika vijiti viwili," akaniambia. "Cha njano na chekundu. Cha njano ukikikandamiza chini, magurudumu ya mbele yanashika. Chekundu ukikivuta nyuma, unaingia gia nzito, na mbele inashika yenyewe." Akaonyesha kwa mkono, bila kuangalia. "Mchanga wa Ipole unavuta chekundu kabla hujauingia, mjukuu wangu. Ukishakwama, umechelewa." Nikaona kichwa cha kijiti cha njano kimelika upande mmoja tu, wa ndani, ambako kiganja chake kilikuwa kinafikia. Nikauchora ulaji ule.

Kisha akasema gari limelala upande wa kulia. Tukapima kutoka ardhini hadi chini ya bodi, kushoto na kulia, na kweli. Sababu aliieleza mwenyewe: dereva yuko upande huo siku zote, awe na abiria au asiwe naye, na tangi la mafuta liko chini ya kiti chake. Springi za upande wa dereva hutengenezwa na nguvu zaidi kwa ajili hiyo, lakini miaka ikipita nazo huchoka. Mpaka leo, nikiona mfano wa gari la kazi umesimama sawasawa kama meza mpya, siuamini.

Nyuma, kwenye sakafu ya kubebea mzigo, kuna mifereji ya bati inayokwenda urefu wote. Nilipitisha kidole kwenye mmoja nikakuta kitu kigumu, cheusi juu. Nikakikwangua kwa kucha: ndani cha manjano. Nikanusa. Nta. Nta ya nyuki iliyomwagika safari gani sijui, ikashika vumbi, ikakauka, na bado harufu ya msitu ilikuwamo. Babu aliponiona akacheka kwa furaha. Mimi nilichukua kipande, nikakifunga kwenye karatasi ya daftari.

Lori lilifika. Wanunuzi walikuwa watu waungwana. Walisalimia, wakanywa maji, wakaanza na milango kama babu alivyosema. Mimi nikaingia uvunguni. Kijana mmoja wa kwao, wa rika langu, alipoona nahangaika na giza, alikuja na tochi yao akalala chali ubavuni kwangu, akanimulikia. Tulipima mihimili ya chasisi, difu, majani ya springi unene na idadi, njia ya bomba la moshi. Nyuma ya ekseli ya mbele, kulia, palikuwa na kiraka cha chuma kilichochomelewa, kibaya, kimejaa matone. Babu akapaza sauti kutoka juu: "Umekiona kiraka? Hicho kilichomelewa Sikonge usiku, kwa mwanga wa taa za gari jingine!" Yule kijana akasogeza tochi karibu zaidi ili nikichore vizuri.

Kabla ya magharibi walikuwa wamekata, wamepima, wamelipa na kuondoka. Kaunta buku ilikuwa imejaa hadi kurasa za nyuma.

Kutengeneza kulichukua miezi mingi na sitakusimulia yote. Chasisi niliitengeneza kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, kwa sababu linashika risasi vizuri. Springi nilizikata kwenye springi ya saa ya mezani mbovu, jani juu ya jani. Tairi ni kandambili zilizogandishwa, nikachonga kashata kwa wembe.

Bodi lakini ilibidi iwe aluminiamu, kwa heshima ya gari lenyewe. Jirani yetu alikuwa akifanya kazi ya uchapaji Kipalapala, ambako Kanisa Katoliki lina mitambo ya siku nyingi, naye akaniletea pleti za offset, yaani mabati ya kuchapia, zilizokwisha kutumika. Pleti ni aluminiamu safi, nyembamba, isiyo na mikunjo, na upande mmoja ukiuangalia kwa makini bado unayaona maandishi ya kitabu. Ila ni ngumu, ukiipinda inapasuka. Fundi sufuria mmoja alinifundisha dawa: paka sabuni ya mche juu ya bati, lipitishe juu ya moto wa mkaa, na sabuni ikigeuka nyeusi toa, acha lipoe. Aluminiamu inakuwa laini, unaipinda kwa vidole. Usiposubiri sabuni iwe nyeusi, inabaki ngumu; ukipitiliza inayeyuka mbele ya macho yako. Nilichonga kalibu ya digadi kwa mti wa mninga, nikalaza bati lililolainishwa juu yake, nikalisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka likakubali. Lile bonde la digadi la kushoto nililibonyeza mwisho, kwa kufuata kipande cha boksi.

Minyororo miwili inayoshikilia mlango wa nyuma ilinichosha macho. Unazungusha waya mwembamba kwenye sindano, unakata pete moja moja, unaziunga kwa kibano. Ningeweza kuweka mkufu wa dukani. Lakini mkufu unang'aa na pete zake ni za duara, na mnyororo wa Land Rover pete zake ni ndefu.

Nta niliiyeyusha kidogo tu, nikaipaka kwenye mfereji wa pili kutoka kushoto, mahali pake.

Babu nilimpelekea jioni. Alilipokea kwa mikono miwili, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuligeuza juu chini. Akavaa miwani. Akatafuta kiraka, akakipata, akakigusa kwa ukucha. Akaligeuza tena, akaliweka mezani, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na meza, akaangalia kama limelala kulia. Halafu akaingiza ncha ya njiti ya kiberiti dirishani na kukandamiza kijiti cha njano. Kilishuka. Nilikuwa nimekiwekea springi.

"Umeweka nta," alisema, baada ya kunusa nyuma.

"Ndiyo, babu."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kuuliza maswali ya kazi: rangi ya kijani niliichanganyaje, vumbi la kwenye madigadi ni la kweli au ni rangi, turubai nimelishona au nimeligandisha. Nikamjibu moja baada ya jingine. Vumbi lilikuwa la kweli, nimelichekecha kwa kitambaa, kutoka pale pale chini ya mwembe wake.

"Bedford unaijua?" akaniuliza ghafla. "Lori. Nililiendesha kabla ya hili. Kaliua kuna moja imelala nyuma ya ghala la tumbaku, na mwenye nayo namfahamu. Nunua kaunta buku nyingine."

Jumatatu iliyofuata tulipanda treni ya Kigoma, tukateremka Kaliua. Bedford ilikuwapo kweli, tena na injini yake.