Cheti cha mwanangu: jinsi nilivyokipata

Mimi mzaliwa wa Tanga, Tanzania, naishi Likoni, Mombasa. Mwanangu alizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, na shule ilipodai cheti cha kuzaliwa ndipo nikashtuka: ana miaka minne, hajasajiliwa popote. Karani mmoja akanirusha: "Mama, wewe mgeni, rudi kwenu." Nikavuka feri nalia.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaniambia sheria ya Kenya husajili kila kizazi kinachotokea nchini, awe mzazi raia au mgeni. Cheti si uraia. Ni ushahidi kuwa mtoto kazaliwa hapa, basi. Nilikuwa nimechanganya mambo hayo mawili, na nadhani karani pia.

Nikaanzia chini. Mzee wa mtaa alinijua, akanipeleka kwa naibu wa chifu, maana ndiye anayeandikisha waliozaliwa nyumbani. Nikabeba kadi ya kliniki na pasi yangu. Kwa kuwa miezi sita ilishapita, nikajaza fomu ya usajili wa kuchelewa.

Karani yuleyule akakunja uso tena. Nikamwambia kwa upole, "Basi nipe sababu kwa maandishi, kifungu cha 47 cha Katiba." Akanitazama, akagonga muhuri.