Shahada ya Uingereza kukataliwa Dubai: jinsi nilivyotatua

Shahada ilikuwa halisi na ina apostili (cheti cha serikali kinachothibitisha saini au muhuri ulio kwenye hati ili itumike nchi nyingine), lakini mwajiri aliirudisha. Sababu ni kwamba Falme za Kiarabu hazimo katika Mkataba wa Hague wa 1961 kuhusu apostili. Kule karatasi hiyo ni hatua ya katikati tu.

Nilianza upya kwa wakili wa Uingereza, na hapa ndipo wengi hukwama. Wakili aeleze alichothibitisha, aandike jina lake, tarehe na anwani ya ofisi, kisha atie saini yake binafsi. Saini ya jina la kampuni hurudishwa. Ndipo hati ikaenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kupata apostili. Niliomba ya karatasi, maana ya kielektroniki haikubaliki kila mahali. Ikafuata ubalozi wa Falme jijini London, mwisho Wizara ya Mambo ya Nje ya Falme zenyewe.

Usiibandue apostili kwenye hati, hata kwa ajili ya kutoa kopi. Jina likitofautiana na la pasipoti (ndoa huleta hilo sana), ambatisha cheti cha ndoa, nacho kipitie mlolongo uleule. Ukiweza, maliza hatua za Uingereza kabla ya kupanda ndege.