Mama alifunga nzi, mzee akawauza, sasa duka limefungwa

Nikiwa darasa la nne mwalimu alituambia kila mtu aseme mzazi wake anafanya kazi gani. Mimi nikasimama nikasema mama anafunga nzi. Darasa zima likaangua kicheko, mmoja akauliza anawafunga na kamba ya mbuzi ama, na mpaka namaliza la nane jina langu lilikuwa Nzi. Na sikuwa nimedanganya. Mama alikuwa karakana moja Nairobi, wanawake wamekaa kwa mabenchi kila mmoja na vaisi yake ndogo imeng'ata ndoano, wanazungushia uzi na manyoya mpaka kitoke kitu kama mdudu, halafu kinasafirishwa Ulaya na Marekani kwa watu wanaovua samaki kwa starehe. Kenya imefanya hiyo kazi tangu enzi za mkoloni na bado inafanya, kampuni ya Uingereza inaitwa Fulling Mill ina kiwanda chake huko kwetu kabisa. Kwa hivyo mzungu akifungua kiboksi chake cha nzi kando ya mto huko Scotland, kuna uwezekano mkubwa wametoka kwa mikono ya mama wa mtu.

Mimi siku hizi niko Newcastle, naendesha vani ya kupeleka vifurushi. Wekeni hiyo akilini maana nitairudia.

Kuna mji mdogo kaskazini yetu, sitautaja, ambako kulikuwa na duka la vifaa vya kuvulia. Si duka la kila kitu na funza kwenye friji, hapana, hili lilikuwa la nzi tu, rodi za nzi yaani fimbo za kuvulia, rili za kukunjia mshipi, mishipi, na manyoya. Mara ya kwanza niliingia kupeleka mzigo, nikiwa na haraka zangu, mzee akaniambia ngoja nitafute miwani nisaini. Nikiwa nasubiri nikaangalia kwenye kaunta. Kulikuwa na trei za mbao zenye vichumba vidogo vidogo kama mamia hivi, na kila kichumba kina nzi wa aina moja, na kibao chenye jina kimeandikwa kwa kalamu. Nikaona Pheasant Tail. Greenwell's Glory. Adams. Jamani nilisimama kama nimepigwa na stima, hayo majina nimeyasikia jikoni kwetu tangu nanyonya! Mama hajui Kizungu cha kukaa nacho saa nzima lakini Greenwell's Glory anatamka vizuri kuliko mimi. Akirudi jioni shangazi akimuuliza leo ulishinda na nani, anajibu nilishinda na Adams kumi na nne, maana yake ndoano saizi 14. Na hapo kuna kitu kinachochanganya wageni: namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. 18 ni kama punje ya mchele iliyovunjika, na mama alikuwa anazungushia hiyo mkia, mwili, waya na manyoya ya shingo ya jogoo, anafunga fundo, anaweka tone la vanishi, anashika nyingine. Analipwa kwa dazeni.

Nikamwambia mzee, mama yangu alikuwa anafunga hawa. Akavua miwani aliyotoka kuitafuta. Tuliongea mpaka kazini wakanipigia simu kuuliza vani imesimama kwa nini.

Basi ikawa mazoea. Kila nikipita na dakika kumi naingia. Na kwa kukaa pale ndiyo nikaanza kuelewa ile biashara inavyokwenda, na ndiyo nataka kuieleza, kwa sababu watu wakisikia duka la aina hii limefungwa wanasema tu "intaneti" halafu wanaendelea na maisha yao, na ni kweli ni intaneti, lakini si vile wanavyodhani.

Angalia. Mteja anaingia Jumamosi asubuhi, kesho anaenda mtoni. Anauliza samaki wanakula nini wiki hii. Mzee anamwambia maji yameshuka, jana jioni kulikuwa na mdudu fulani wa rangi ya mzeituni, jaribu huyu saizi 16, na huyu kama samaki hawatapanda juu. Anachukua koleo dogo, anaokota nzi mmoja mmoja anaweka kwenye kikopo cha plastiki. Watatu. Mteja analipa paundi kama sita, anaondoka. Hapo mzee ametumia nusu saa na elimu ya miaka arobaini. Paundi sita! Haiwezi kulipa hata taa. Kwa hivyo yale maneno yalikuwa bure, na aliyeyalipia ni yule mteja mmoja kwa wiki aliyenunua rodi ya paundi mia sita. Huyo mmoja ndiye alikuwa anabeba soga za wengine wote.

Na rodi ndiyo kitu rahisi kuhamia mtandaoni. Nzi unataka uambiwe yupi, leo, kwa mto huu. Rodi ikishajulikana jina na namba yake, ni ileile kila mahali. Mtu anaingia dukani, anaomba aijaribu, mzee anatoka naye mpaka kwenye nyasi nyuma ya duka, anamuonyesha kurusha mshipi, vile mkono unasimama nyuma kabla ya kurudi mbele, anajaribu tatu nne, anasema asante nitafikiria. Anafikiria akiwa kwenye maegesho, simu mkononi, anaiona kwa bei pungufu, anaagiza.

Na nani anaipeleka? Mimi hapa. Boksi refu jembamba, ukilishika tu unajua. Kuna siku nilipeleka moja nyumba ya tatu kutoka kwa duka la mzee. Nyumba ya tatu! Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa, akasema nilimfundisha huyo kurusha wiki iliyopita. Mimi sikucheka sana.

Sasa nisije nikawafanya malaika wote. Kuna maduka ya aina hii yaliyojiua yenyewe. Niliwahi kuingia moja upande mwingine wa nchi, nikiwa likizo, sina sare ya kazi, na yule wa kaunta alinifuata kila kona kama naiba halafu akaniuliza kama nimepotea. Maduka mengine yanafunga saa kumi jioni, sasa anayefanya kazi aje lini? Na vijana hawaingii, wakiingia wanaangaliwa viatu. Kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, kwa nzi imekuwa mchezo wa wakubwa wenye mashamba kwa muda mrefu mno, na mtu akikuzoesha kwamba si pako, siku unapoweza kubonyeza kitufe ukaletewa bila kuangaliwa na mtu, utabonyeza tu.

Halafu samaki wenyewe. Hili watu wa biashara wanalisahau. Mzee alikuwa anapata hela nzuri kwa wavuvi wa samoni, zile rodi ndefu za mikono miwili, futi kumi na tatu, kumi na tano. Tyne yetu hii inasifika kuwa mto bora wa samoni England. Lakini Scotland mwaka 2023 waliovuliwa kwa rodi walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu waanze kuhesabu 1952, na Desemba mwaka huohuo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikawaweka samoni wa Uingereza kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Mtu akirudi mikono mitupu misimu mitatu hanunui rodi ya nne.

Wakubwa pia wanayumba, msidhani ni vijiduka tu. Hardy, watengenezaji wa rodi walioanza Alnwick 1872, dakika arobaini na tano hivi kutoka kwangu, jina ambalo wavuvi wanalitaja kwa heshima zote, rodi zao nyingi siku hizi zinatengenezwa Asia na 2013 kampuni ilinunuliwa na Pure Fishing ya Marekani. Na Marekani kwenyewe Orvis, wauzaji wa vifaa vya kuvulia kwa nzi, wako tangu 1856, Oktoba 2025 walitangaza kufunga maduka 31 na mengine 5 ya bei za punguzo, wakataja ushuru mpya wa bidhaa kutoka nje. Kama Orvis anapunguza hivyo, mzee wangu na trei zake za mbao ni nani.

Kuna kisa kimoja mzee alipenda kusimulia lazima nikiweke. Mwaka 2011 wanawake Marekani walianza kuweka manyoya ya jogoo kwenye nywele, mitindo ya saluni. Sasa si jogoo yeyote, ni wale wanaofugwa maalumu kwa ajili ya nzi, manyoya marefu membamba, mfugaji mkubwa anaitwa Whiting yuko Colorado. Bei ikapanda mara kadhaa, wavuvi wakakosa kabisa. Mzee anasema msichana aliingia dukani akanunua manyoya yote ya rangi ya kijivu na mistari, hajauliza bei, na ndiyo ilikuwa wiki nzuri kuliko zote mwaka huo. Alikuwa anasema kama mitindo ile ingedumu miaka kumi angestaafu tajiri. Nilimsimulia mama akasema hao hawajui, angewaletea gunia zima la vipande vilivyokuwa vinafagiliwa karakana kila jioni.

Mama sasa amestaafu, macho. Yuko Othaya, si mbali na mto Gura, ambako inasemekana trauti wa kwanza Kenya walimwagwa mwaka 1905 na Grogan, mlowezi Mwingereza, wametolewa Loch Leven huko Scotland. Kwa hivyo samaki walitoka huku wakaenda kwetu, nzi wakatoka kwetu wakaja huku, na mimi nikaja na vani. Rafiki zake waliobaki kazini wanamwambia zamani oda zilikuwa za kila aina, mara dazeni sita za hii, mara nne za ile, majina ya kienyeji ya kule ambayo huyajui, kwa sababu kila duka lilikuwa na mto wake na vitu vyake. Saa hii ni aina chache kwa wingi, na wanashindana na pakiti za nzi mia moja zinazouzwa mtandaoni kwa bei ambayo hata ndoano tupu mama anasema hailipi. Nilinunua hizo mara moja nikamuonyesha mzee. Akamvuta mmoja kwa kucha, mwili wote ukatoka kama soksi.

Mzee alifunga duka mwezi wa tatu. Hakukuwa na vilio, aliandika tu kwenye kioo kwamba kila kitu nusu bei mpaka kiishe, na wale waliokuwa hawaonekani wote wakaonekana. Nilienda siku ya mwisho bila sare. Rodi zimeisha, rili zimeisha, ile kona ya manyoya imebaki misumari. Trei moja tu ilikuwa na vitu, akasema chukua, nikasema nitalipa, tukabishana, nikaacha paundi ishirini chini ya mashine ya kadi.

Nyumbani nikampiga picha mmoja, Pheasant Tail saizi 16, karibu kabisa, nikamtumia mama kwa WhatsApp. Nikaandika: mama, huyu huenda ni wako, amekaa kwa duka miaka mingi. Nikaona tiki za bluu. Akakaa kimya kama dakika tano, najua alikuwa anakuza picha na vidole viwili huku amevaa miwani ya shangazi juu ya miwani yake. Halafu ikaja sauti:

"Huyo si wangu baba. Angalia hapo kichwani, uzi umezidi mizunguko. Huyo mtu alikuwa anakimbilia matatu."